Tochi ya Kuzungusha

Maelezo ya kukiri kosa yalikuwa ukurasa mmoja na nusu, na mwandiko wa Sajini Lackson Simukoko ulikuwa umenyooka kuliko siku zote. Inspekta Febby Nkandu aliyasoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mafaili ya watu wengine.

"Mimi, Davies Mwaba, umri miaka ishirini na sita, nilimsukuma mjomba wangu Boyd Kasuba kwenye ngazi za Bloki C, Alhamisi jioni, tukigombea nyumba."

"Amekiri saa ngapi?" aliuliza.

"Alfajiri hii, Afande. Kesho saa tatu yuko mahakamani. Mauaji hayana dhamana, kwa hiyo sisi tumeshamaliza naye."

"Alikiri mwenyewe?"

"Watu hukiri wenyewe, Afande. Sisi tunawakumbusha tu."

Simukoko alicheka. Nkandu hakucheka, lakini hakuuliza tena, na hilo alikuja kulijutia kabla jua halijazama.

Kesi yenyewe haikuwa na vitu vingi. Mezani, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na funguo za marehemu: funguo tatu, kisahani cha shaba chenye namba 4417, na tochi nyeusi fupi kama kidole cha shahada. Kisahani kilikuwa cha mgodini. Kila mchimbaji alikiacha kwenye chumba cha taa alipochukua taa yake ya kichwani, na akirudi juu salama alirudishiwa. Mzee Kasuba alistaafu akaondoka nacho, kama walivyofanya wengi.

Mwanzoni kila mtu alisema mzee ameteleza. Umeme ulikuwa kwenye mgao, pampu imekufa, maji yanabebwa kwa ndoo kutoka bombani, na ngazi za Bloki C hazina hata chuma cha kushikilia. Wakamzika Jumapili. Jumatatu mjane akaleta funguo kituoni akasema mume wake alikuwa na tochi, na tochi ni nzima. Nkandu akalifunga dirisha kwa pazia, akaiwasha, ukuta ukawa mweupe. Ndipo akaandika kwenye faili sentensi ambayo, aseme kweli, ilimpendeza: *Mtu mwenye tochi inayowaka hivi haanguki kwenye ngazi alizozipanda miaka ishirini.*

Baada ya sentensi ile ilibidi apatikane wa kumsukuma. Davies alikuwa mtoto wa dada yake marehemu, na kwa Wabemba mpwa ndiye mrithi wa mjomba. Mchana wa Alhamisi watu walimsikia akigombana na mzee kuhusu nyumba. Bloki nzima ikanyoosha kidole upande mmoja.

Umeme ukakatika ofisini. Nkandu alikuwa bado na mistari mitatu ya kusoma. Akaichomoa tochi kwenye ule mfuko wa nailoni kwa mkono wa kushoto ili ajimulikie, kikombe kikiwa kulia, akatafuta kitufe. Hakikuwapo. Jumatatu aliiwasha kwa mikono miwili bila hata kufikiri. Ilikuwa tochi ya kuzungusha kichwa. Akajaribu kuisokota kwa dole gumba. Ikateleza, chai ikamwagika juu ya maelezo ya Davies Mwaba.

"Sajini. Marehemu alikuwa na vidole vingapi?"

"Vidole, Afande?"

"Mkono wa kushoto."

Simukoko akafungua taarifa ya daktari akaisogeza karibu na dirisha. "Dole gumba na kidole cha mwisho. Vitatu vya kati vilikatwa na mashine mgodini, zamani."

"Na mkono wa kulia ulikuwa na nini?"

"Ndoo. Lita ishirini. Ilikutwa imepasuka, mpini bado ameushika."

Nkandu akamtupia tochi. "Niwashie hiyo kwa dole gumba na kidole cha mwisho."

Sajini alijaribu kwa bidii ya mtu anayetazamwa na mkubwa wake. Mara ya tatu tochi ikamponyoka ikabingirika chini ya kabati.

"Labda aliiwasha kwanza, halafu ndio akainua ndoo," alisema akiwa amepiga magoti.

"Labda. Nani anajua alivyokuwa akiiwasha?"

"Mkewe."

"Basi tumuulize mkewe. Tulipaswa kumuuliza Jumatatu."

*

Mama Chanda, mjane wa Kasuba, alikaa mkekani ghorofa ya tatu, kitambaa cheusi kichwani. Sufuria la nshima, ugali wa jana, lilikuwa jikoni bado halijaoshwa. Alimtazama Nkandu tangu viatu mpaka kofia.

"Umeniletea hukumu?"

"Nimeleta swali, mama. Pole na msiba."

"Pole nimepewa nyingi. Uliza."

"Mzee alikuwa anaiwashaje tochi yake?"

Mjane alikunja kitenge magotini, akakikunjua.

"Davies akitoka, mimi nitaondolewa hapa. Ukoo wao utakuja na mikeka yao. Unalijua hilo?"

"Sheria inasema vingine."

"Sheria haipandi ngazi hizi, binti yangu. Unalijua au hulijui?"

"Nalijua."

"Na bado unaniuliza."

"Bado nakuuliza."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye sakafu. Mama Chanda akainua mkono wake wa kushoto, akakunja vidole vitatu, akabakiza dole gumba na kidole cha mwisho, akabonyeza hewa.

"Hivi. Tik. Kila jioni akifika mlangoni, tik, tik, mara mbili, nijue ni yeye nisiulize nani. Alikuwa na wiki tatu tu tangu aipate, lakini alishaifanya mchezo."

Nkandu akaitoa tochi mfukoni akampa. "Ibonyeze hii."

Mjane akaigeuza, akaitafuta, akaigeuza tena. Uso wake ukabadilika polepole.

"Hii si yake," alisema. "Mimi niliona kitu cheusi kwenye funguo, nikasema ni tochi. Nani anatazama tochi wakati wa kilio?"

"Alhamisi uliisikia?"

"Niliisikia. Ilikuwa huko chini, kwenye kona ya pili. Tik, tik, tik, tik, tik. Nikasema huyu mzee leo ananitania. Nikacheka, unasikia? Nilikuwa nakoroga sufuria nacheka. Halafu ndio nikasikia ndoo."

"Mama, hukusema hivyo Jumatatu."

"Uliniuliza Jumatatu? Uliiwasha tochi, ukaandika, ukanishukuru."

Nkandu alilimeza hilo kwa sababu lilikuwa kweli. "Funguo zilipita mikononi mwa nani?"

"Nilizitoa mwenyewe kiunoni mwake. Nikaziweka hapa, kwenye sinia. Ijumaa mtani wake akaja." Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulitaka kutabasamu ukakatazwa. "Mzee Jere, yule Mngoni. Unajua mambo yao. Alilala juu ya jeneza akaliambia lisogee, eti Mbemba hata akifa anakaa kama chifu. Akazichukua funguo akazivaa shingoni, akasema hazirudi mpaka tumkomboe kwa kuku. Akaondoka nazo. Jumamosi tukampa kuku, akazirudisha."

"Alilala nazo usiku mmoja."

"Ni mtani. Angechukua hata mlango, nani angesema?"

Nkandu akasimama. Mlangoni mjane akamwita.

"Yule Davies ana ulimi mchafu, na nyumba anaitaka. Lakini Alhamisi alikuwa ameshaondoka kabla ya giza. Nilimwona dirishani akivuka barabara. Ukiniuliza mahakamani nitasema. Usiponiuliza, sijui."

*

Zakeyo Jere alikuwa na meza ya tochi karibu na mlango wa soko, mbele ya mama mmoja muuza supu. Alifanya kazi chumba cha taa mgodini miaka kumi na tisa, kisha akaamua kwamba ujuzi wake pekee ni mwanga, akaanza kuuuza kwa rejareja. Alimwona Nkandu, Mbemba kama marehemu, kabla hajafika; Wabemba hutaniwa kwa kula nyani, Wangoni kwa kula panya.

"Karibu, mtani. Nyani wameisha kwenu mmekuja kutafuta panya wetu?"

"Nyani tele. Nyie ndio nasikia panya wameadimika, sasa mnamenya mikia."

"Mkia ndio utamu wenyewe, utajuaje wewe." Alifuta kiti kwa leso. "Leo umevaa kikazi. Umekuja kunikamata au kuninunulia?"

"Nataka tochi ya kuning'iniza kwenye funguo. Ndogo, lakini kali."

Mzee akamkazia macho kidogo, kisha fundi aliyekuwa ndani yake akamshinda.

"Wote mnaanza na ukali. Ukali ni swali la mwisho. Kwanza mkono: utaiwasha kwa mkono mmoja au miwili? Pili, inakula nini? Hii ya kuchaji ni nzuri, ila umeme wenyewe ndio huo unaoujua; hii inakula betri moja ya kidole, kila kibanda wanayo. Tatu, mwili. Plastiki ikianguka mara mbili unaokota vipande, bati hili linavumilia. Nne, swichi. Ya kubonyeza inajiwasha yenyewe mfukoni, unaihitaji jioni unakuta imekufa. Ya kuzungusha haijiwashi mpaka uitake."

"Na mwanga?"

"Usisome boksi. Hapa wameandika elfu moja. Jua lenyewe halijaandikwa kitu." Akachukua tochi moja, akaiwasha, akaifumbata kiganjani. Nyama ya mkono wake mzee ikawa nyekundu, vivuli vya mifupa vikaonekana katikati. "Ukiona mfupa, huo ni mwanga. Usipouona mfupa, umenunua kibiriti."

"Nipe ya kubonyeza."

"Sina."

"Umetoka kuisema sasa hivi."

"Nimeisema, sikusema ninayo."

Nkandu akatazama chini ya meza. Gunia lilikuwa limefungwa kwa kamba mpya, na pembe za maboksi madogo zilikuwa zimelitoboa.

"Wewe mwenyewe unabeba ipi, mtani?"

Mkono wa Jere ulikwenda kiunoni wenyewe, kama mikono inavyokwenda. Ukatoka na funguo mbili na kisahani cha shaba. Muuza tochi hakuwa na tochi kwenye funguo zake. Alizitazama kana kwamba ni za mtu mwingine.

Nkandu akaiweka ile nyeusi mezani. "Hii inakula nini?"

Jere hakutaka kuishika. Lakini aliyekaa chumba cha taa miaka kumi na tisa hawezi kuiacha taa ilale kifudifudi. Aliichukua, akafungua kitako, akamwaga betri kiganjani, na kabla hajajizuia akakiinamisha kile kifuniko kwenye mwanga akakisoma ndani, kama alivyosoma namba ya kila taa iliyowahi kupita dirishani kwake. Nkandu alikuwa amesimama begani mwake akasoma pamoja naye. Namba ilikuwa imekwaruzwa kwa ncha ya msumari: 2093.

Kisahani cha Jere kilikuwa bado kimelala mezani. 2093.

"Ya Kasuba ni 4417," alisema Nkandu.

Mzee akarudisha betri. Akafunga kitako polepole mpaka mwisho, akaipanga tochi sambamba na zile nyingine.

"Nilimchagulia mwenyewe," alisema. "Sikumuuzia, nilimpa. Ya kubonyeza, kwa ajili ya vile vidole. Nilikuwa naye chini siku vilipokatika, kabla sijahamia chumba cha taa; mimi ndiye niliyevitafuta kwenye mawe. Nikasema huyu hata siku moja asisumbuke na kuzungusha."

"Ilikuwa na nini?"

"Yalikuja maboksi mengi kwa bei ya kutupa. Hapa mezani zinawaka unaona mfupa. Zikikaa wiki mbili tatu, waya wa ndani unaachia. Ukibonyeza zinalia tu. Wawili walikuwa wamesharudisha. Rahisi huvunja upishi, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu methali hiyo kila siku. Nilipanga kumbadilishia Ijumaa."

"Akafa Alhamisi."

"Akafa Alhamisi."

"Kwa nini ulibadilisha, mzee?"

"Funguo zilikuwa kwenye sinia, kila anayeingia anazigusa. Mtu angebonyeza. Angesema, kumbe hii haiwaki, nani alimpa? Utani uliniruhusu kuzichukua, nikazichukua. Nikavunja kikamba cha yake, nikaweka yangu. Nilitaka nimzike bila watu kusema Jere amemuua mtani wake kwa tochi ya kutupa. Ni hilo tu."

"Tochi nzima ikamtafuta muuaji."

"Nilidhani ni tochi tu."

"Na Davies? Ana siku tatu ndani."

"Nilisikia Jumatatu. Nikasema Jumanne nitakwenda. Jumanne nikasema kesho." Alikuwa anazungumza na meza. "Leo sajini wako kanywa supu hapo mbele, akasema kijana amekiri. Nikashukuru Mungu, Inspekta. Nakwambia kweli ya moyo wangu. Nikasema basi, kumbe alimsukuma, kumbe si tochi yangu. Mtu hakiri asilolitenda."

Nkandu akaichukua ile tochi nyeusi mezani.

"Wewe ndiye polisi," alisema Jere, na sasa alikuwa amemwinulia macho. "Niambie. Mtu anakiri asilolitenda?"

"Funga meza yako. Iko wapi ile mbovu?"

Ilikuwa kwenye kopo la tumbaku, imefungwa katika kipande cha kitenge kama dawa. Nkandu akaibonyeza. Tik. Akabonyeza tena mara nne, na kila mara akasikia sufuria likikorogwa ghorofa ya tatu.

*

Saa tisa walifika kituoni. Jere akakaa kwenye benchi bila kuambiwa. Simukoko alisikiliza habari yote akiwa amekunja mikono.

"Afande, tuna maelezo ya kukiri. Yana sahihi."

"Na ya Jere niliyoyaandika yana sahihi. Na mjane ana ushahidi. Chagua mmoja wa kumwamini, Sajini, halafu uniambie huyu mwingine alikiri kwa sababu gani."

Simukoko hakuchagua. Alichukua funguo za selo ukutani akaenda, na alipokuwa akienda alisema bila kugeuka, "Mimi nilifuata faili, Afande. Faili lilisema amesukumwa."

Davies Mwaba aliingia akitembea pembeni mwa ukuta. Shati lilikuwa limegeuzwa ndani nje, mtu alikuwa amemvalisha. Nkandu alimwekea kiti, akamsomea taratibu kwamba mjomba wake alianguka, kwamba hakuna aliyemsukuma, kwamba anaweza kwenda nyumbani. Kijana alisikiliza kama anayesomewa bei za sokoni.

"Tochi haikuwaka?" aliuliza.

"Haikuwaka."

"Nilisema labda haikuwaka. Usiku wa kwanza nilisema."

Nkandu akatazama karatasi. Ilikuwa fomu ileile ya siku zote: *Nimeachiwa nikiwa mzima wa afya na sina malalamiko*. Akaisukuma mbele yake pamoja na kalamu. Davies hakuichukua. Akatoa mkono wa kulia chini ya meza akauweka juu, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Vidole vitatu vya kati vilikuwa vimevimba mpaka kucha zimepotea ndani, na kimoja kilitazama upande usio wake.

"Sahihi ya leo alfajiri niliwekewa kalamu nikashikiliwa," alisema. "Sasa hivi haishiki."

Simukoko alikuwa mlangoni. Nkandu alimtazama mpaka akatoka. Jere, kwenye benchi, aliuona ule mkono kupitia mlango ulioachwa wazi, akageuzia uso ukutani.

"Nitaandika alichokufanyia," alisema Nkandu. "Leo hii. Kwa jina lake."

"Andika, Mama Inspekta. Wewe unaandika vizuri." Hakukuwa na kejeli usoni mwake, hakukuwa na kitu chochote. "Alinisomea ile ya kwako, ya mtu mwenye tochi inayowaka hivi. Kila kidole alinisomea tena. Mpaka nikaishika kwa moyo."

Kalamu ilikuwa katikati yao. Nkandu akaichukua. Akachora mstari juu ya *mzima wa afya*, akachora mwingine juu ya *sina malalamiko*, mpaka fomu ikabakiwa na neno moja tu la kweli, kwamba ameachiwa. Kisha akafungua kibati cha wino, akaushika mkono wa kushoto wa Davies, akalishika dole gumba lililokuwa zima, akalibonyeza kwenye wino, kisha kwenye fomu.